Kaka Pono na Panya wa Dallas

Siku ya pili ya harusi, nyumba yetu ya Pangani hunuka moshi na karafuu. Masufuria makubwa yamekwisha kusuguliwa na kuegemezwa ukutani uani, kiporo cha pilau kimepashwa, na waliobaki ni wale ambao hakuna anayewahesabu kuwa wageni. Kaka Pono alikuwa kakaa ukingoni mwa baraza na kikombe cha chai ya tangawizi. Mjomba akaanza kisa chake cha fundi cherehani na suruali ya shehe, kisa tunachokijua sote na tunachoanza kukicheka kabla hajafika popote.

Kaka Pono naye akacheka.

Taya ndilo lililotangulia kulegea. Kisha shingo. Kichwa kikainama kifuani, kikombe kikamponyoka, chai ikaumwagikia msuli wake mpya, magoti yakakosa nguvu, naye akateremka polepole kuufuata ukuta mpaka chini, kama nguo iliyochomoka kambani.

"Pono kashalala!" mtu akapaza sauti, na kicheko kikazidi.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Niliinama kuokota vigae vya kikombe, uso wangu ukawa shubiri moja na wake.

Macho yake yalikuwa wazi, na yalikuwa yakinitazama.

Baada ya dakika moja hivi alianza kujikusanya. Akainuka, akajipangusa chai, akamuuliza mjomba kisa kimefikia wapi. Lakini watu walikwisha hamia mazungumzo mengine, na watoto walishaanza kugombania ukoko.

Wiki saba zimepita. Yale macho hayajaniondoka.

Jina

Usingizi wa pono tunausema sote, hata wale ambao hawajamwona samaki mwenyewe zaidi ya vipande vyake sokoni. Wavuvi wa kwetu wanamjua vizuri zaidi. Usiku, ukipita na taa kwenye matumbawe, unamkuta kajipachika mwambani katulia kabisa, na aina nyingine za pono hujizungushia ute unaowafunika mwili mzima kama chandarua. Unaweza kumchukua kwa mkono.

Kaka alipewa jina hilo akiwa darasa la saba, aliposinzia katikati ya mtihani. Halikumtoka tena. Mpaka kadi ya mwaliko wa harusi hii iliandikwa "Pono na familia", na hakuna aliyeona ajabu.

Ni mtoto wa baba yangu mkubwa, amenizidi miaka minane. Alikwenda baharini kama wenzake, akasinzia akishika usukani wa ngalawa, wakapanda mwamba. Baada ya hapo hakuna nahodha aliyemtaka. Wazee walisema ana pepo, akapungwa. Mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi Tabora akasema hayo ni malale, mbung'o wamemuuma. Akapimwa, kipimo hakikuonyesha kitu. Katika zahanati moja wakasema kifafa, akameza vidonge vya kifafa miaka miwili bila nafuu yoyote. Usiku jinamizi humkaba karibu kila mara: anaamka hawezi kunyanyua hata kidole, na mlangoni anaona mtu amesimama.

Na amenenepa. Hili nalo limekuwa neno la kijiji. Anakula na kulala, wanasema. Wifi yangu, anayempakulia kila siku, huapa kwamba sahani ya mumewe haimalizi hata nusu ya ile ya mjomba.

Sikuwa nikimsikiliza wifi. Nilidhani anamtetea mumewe tu, kama wake wafanyavyo. Miaka zaidi ya ishirini nami nimemwita Pono, nimecheka pamoja na wengine. Nafundisha baiolojia, kidato cha tatu. Haipothalamasi, kile kipande kidogo cha chini ya ubongo, kwenye notisi zangu inachukua nusu ukurasa.

Waliokuwa wakitafuta kitu kingine

Niliporudi Dar es Salaam nilianza kusoma nikiwa na swali moja tu: kicheko kinawezaje kumwangusha mtu aliye macho?

Nilichokuta ni habari ya mtu aliyekuwa akitafuta njaa.

Masashi Yanagisawa ni Mjapani, daktari aliyegeuka mtafiti. Mwaka 1988, akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Tsukuba, aliongoza ugunduzi wa endothelini, kemikali inayobana mishipa ya damu kwa nguvu kubwa. Ugunduzi huo ulimfungulia milango, na mwaka 1991 akahamia Dallas, Texas. Huko, yeye na Takeshi Sakurai wakaanza kazi iliyoonekana kama kubahatisha. Jeni zilikuwa zimefichua vipokezi vingi juu ya seli ambavyo hakuna aliyejua vinapokea nini. Waliviita vipokezi yatima. Ni vitasa vilivyokwisha tiwa mlangoni, funguo zake hazijaonekana.

Wakachukua maji yaliyokamuliwa kutoka ubongo wa panya, wakayachuja kidogo kidogo, wakawa wanayaonjesha seli zenye vitasa hivyo wakingoja kimoja kifunguke.

Kimoja kilifunguka. Ufunguo wake ulikuwa protini fupi mbili ambazo hutengenezwa na seli chache zilizopo sehemu moja tu ya ubongo: ubavuni mwa haipothalamasi.

Sehemu hiyo ilikuwa na sifa yake. Tangu mwaka 1951 ilijulikana kwamba panya akiharibiwa hapo huacha kula, hata afe na chakula mbele yake. Kwa hiyo wazo lilikuja lenyewe. Waliwadunga panya zile protini ubongoni, panya wakala kuliko kawaida. Waliponyimwa chakula, ubongo wao ukaanza kuagiza zaidi protini hizo. Ushahidi ulielekea upande mmoja, na jina likatolewa kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya hamu ya kula: oreksini. Makala ilitoka Februari 1998. Mwezi mmoja tu kabla, kundi jingine la California, ambamo alikuwemo Luis de Lecea, lilikuwa limezitangaza molekuli hizohizo kwa jina la haipokretini, na mpaka leo majina yote mawili yanatumika.

Nilisimama hapo usiku huo. Walikuwa wameona jambo la kweli kabisa, na jina likatoka kwenye kile walichokiona kwanza.

Kamera ya usiku

Hatua iliyofuata ilikuwa kutengeneza panya wadogo wasio na jeni ya oreksini kabisa. Ikiwa hii ndiyo protini ya njaa, panya hao wangekonda.

Hawakukonda kama ilivyotarajiwa. Mchana walionekana panya wa kawaida tu.

Ila panya ni mnyama wa usiku. Mchana ndipo anapolala, na mchana ndipo watafiti wanapokuwa kazini. Mtu akitaka kujua maisha ya panya lazima amwangalie saa ambazo mtu mwenyewe hulala. Kwa hiyo wakafunga kamera ya infraredi, inayoona gizani, wakawaacha panya na usiku wao.

Richard Chemelli, daktari wa watoto aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ile, ndiye jina la kwanza katika makala iliyotokana na picha hizo. Panya anakimbia huku na huku, anachimba, anajisafisha manyoya. Ghafla anaanguka. Analala kifudifudi au ubavu, kimya, muda mfupi. Halafu anainuka na kuendelea na kile alichokuwa akikifanya, kama ambaye hakukatizwa.

Mwanzoni walidhani ni kifafa.

Niliposoma mstari huo niliweka simu mezani nikatoka nje kibarazani. Miaka miwili ya vidonge.

Walipowafunga panya waya za kupima umeme wa ubongo, kifafa hakikuwepo. Panya hao walikuwa wakitoka kwenye kuwa macho na kutumbukia moja kwa moja katika hali ya usingizi wa ndoto, ule ambao misuli yote hufungwa ili mtu asiruke kitandani anapoota anakimbia. Kwa kawaida mtu huufikia baada ya saa moja na zaidi ya kulala. Hawa mlango wao wa ndoto haukuwa na komeo.

Wakati huohuo, Chuo Kikuu cha Stanford, Emmanuel Mignot alikuwa akimalizia kazi iliyomchukua karibu miaka kumi. Mfaransa huyo alirithi kundi la mbwa, Doberman na Labrador, ambao tangu wakiwa wadogo walikuwa wakianguka kila wakifurahi, hasa waliposogezewa chakula wanachokipenda. Alifuata ukoo wao, akafuata jeni zao, hatua kwa hatua, mpaka akafikia jeni moja iliyoharibika. Ilikuwa jeni ya kipokezi cha oreksini. Makala zote mbili, ya mbwa na ya panya, zilitoka Agosti 1999, wiki mbili tu kati yake. Baadaye Mignot na Yanagisawa walipewa kwa pamoja tuzo ya Breakthrough ya mwaka 2023.

Mwaka 2000 ikawa zamu ya binadamu. Makundi mawili, la Mignot na la Jerome Siegel wa Los Angeles, yalichunguza ubongo wa watu waliokufa wakiwa na narkolepsi, ugonjwa wa kusinzia hovyo na kuanguka ghafla. Kundi la Siegel lilikuta seli za oreksini zimepungua kwa asilimia 85 hadi 95. Seli hizi hata kwa mtu mzima wa afya ni makumi ya maelfu tu, kati ya niuroni zipatazo bilioni 86. Inaaminika kwamba ni kinga ya mwili wenyewe inayozishambulia, kwa watu waliozaliwa na jeni za aina fulani. Zikishakufa hazioti tena.

Punje kidogo hivyo, na zikiondoka mtu anavunja ngalawa.

Nikanyanyua simu, nikaiweka

Nilikuwa tayari kumpigia kaka usiku uleule. Nimwambie: si pepo, si malale, si kifafa, si uvivu. Ni oreksini.

Nikasita.

Mimi si daktari. Nimemwona akianguka mara nyingi, lakini mara moja tu ndiyo niliyotazama kweli. Wote waliowahi kumpa jina walikuwa na uhakika: mganga, mtu wa Tabora, tabibu wa vidonge, mjomba na samaki wake. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Mimi nilikuwa na simu yenye intaneti na wiki mbili za kusoma, nami nataka kumpachika jina la tano?

Na kuna kitu ambacho hakikukaa sawa. Ule unene. Kama kaka amepoteza protini ya hamu ya kula, mbona ni mnene? Hapa ndipo watu wa kijijini walionekana kunishinda. Wao maelezo yao yalikuwa yamekamilika: anakula, analala, ananenepa.

Niliacha kusoma karibu wiki nzima. Nilisahihisha madaftari.

Mgaagaa na upwa

Kilichonirudisha ni utafiti wa mwaka 2001. Sakurai, aliyekuwa amerudi Japani, na wenzake walitengeneza panya wa namna nyingine: hawa huzaliwa na seli zao za oreksini, kisha seli zinakufa polepole wanapokua, kama inavyotokea kwa watu. Panya hao walianguka kama wale wa kwanza. Na walikuwa wakila kidogo kuliko panya wa kawaida.

Nao wakanenepa.

Wanakula kidogo, wananenepa. Nilisoma mara tatu. Kisha nikamkumbuka wifi na sahani yake. Miaka yote amekuwa akisema matokeo ya utafiti huo kwa Kiswahili cha jikoni, na sisi tunamwambia acha kumtetea mumeo. Watu wenye narkolepsi nao, kwa wastani, wana uzito zaidi kuliko wenzao. Mwili unatumia nguvu kidogo, mwendo umepungua, na hesabu ya kuingia na kutoka imevurugika.

Mwaka 2003 kundi hilohilo likafunga mzunguko. Walionyesha kwamba seli za oreksini zinaonja hali ya mwili moja kwa moja. Sukari ikipanda, zinanyamaza. Leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kusema akiba ipo, inazinyamazisha pia. Grelini, inayotoka tumboni likiwa tupu, inaziamsha. Halafu wakafanya jaribio jepesi, na kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko yote. Panya wa kawaida akinyimwa chakula halali. Anakesha, anazunguka, ananusa kila kona. Panya asiye na seli za oreksini akinyimwa chakula, njaa haimwamshi. Analala palepale kama alivyolala jana.

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Methali hiyo nimeiandika ubaoni mara ngapi, nikiwahimiza watoto wajitume. Sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya kichwa kuna punje ya seli ambayo kazi yake ndiyo hiyo: kumwamsha mwenye njaa agaegae upwani mpaka apate kitoweo. Kwa hiyo wale wa Dallas hawakukosea kuisikia njaa. Oreksini haisemi "kula". Inasema "amka ukatafute".

Uzi huo unavutwa kwa ncha zote mbili. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 2004, Karine Spiegel na Eve Van Cauter waliwachukua vijana wa kiume 12 wenye afya, wakawaruhusu kulala saa nne tu kwa usiku mbili, na wakati mwingine saa kumi. Walipolala kidogo leptini ilishuka kwa asilimia 18, grelini ikapanda kwa asilimia 28, na njaa waliyoieleza wenyewe ikaongezeka kwa asilimia 24, zaidi kwa vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Chuo hichohicho mwaka 2022, Esra Tasali na wenzake waliwafundisha watu wenye uzito uliozidi namna ya kuongeza usingizi, bila kuwagusa kabisa kuhusu chakula. Walilala zaidi kwa saa moja na dakika chache, na kwa siku wakapunguza kula kwa wastani wa kalori 270 hivi wasijue. Ninafundisha bweni. Wanafunzi wangu wanaamshwa saa kumi alfajiri kwa ajili ya prepo, na saa nne asubuhi wanagombania maandazi dukani kama hawajala tangu juzi. Hilo nitaliandika siku nyingine, kwa hasira zaidi.

Joto la Pangani

Mjomba nilipomgusia alinikata mapema. "Mwanangu, joto hilo. Mtu wa pwani mchana lazima alale. Na zamani hizo, jua likizama watu wanajifunika. Taa za umeme ndizo zilizotuharibu."

Ni hoja inayoaminika, nami ningeiamini. Lakini Siegel, yuleyule aliyehesabu seli katika ubongo wa marehemu, aliwahi kuiuliza hoja hiyo kwenye ardhi yetu. Yeye na wenzake waliwavalisha saa za kupima mwendo na mwanga watu wazima 94 kutoka jamii tatu zisizotumia umeme: Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Watu hao hawalali jua likizama. Kwa wastani wanakaa macho zaidi ya saa tatu baada ya giza kuingia, na wengi huamka kabla ya jua kuchomoza. Usingizi wao ni kati ya saa 5.7 na 7.1. Kulala mchana ni nadra, hata msimu wa joto hakufiki siku moja kati ya nne. Usingizi wao hufuata joto la usiku linaloshuka taratibu.

Kwa hiyo Mhadza aliyeshinda porini akifuata asali hasinzii hovyo juani. Joto peke yake halimwangushi mtu kikombe mkononi.

Mjomba alinyamaza kidogo. Akasema, "Basi huyu ana nini?"

Ni mara ya kwanza kulisikia swali hilo katika ukoo wetu kama swali.

Nasikia yote

Nilikwenda Pangani wikiendi. Nilimkuta kaka chini ya mkungu, wavu umemfunika magoti, anashona.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja na nani?"

Nilikaa naye mpaka adhuhuri. Sikuanza na panya. Nilimuuliza kitu ambacho nilipaswa kumuuliza nikiwa na miaka kumi: ukianguka, unakuwa wapi?

"Nipo," alisema. "Nasikia yote. Namsikia anayesema Pono kalala. Najua jibu ninalotaka kumpa, mdomo ndio haupo."

Kisha akaniambia jambo ambalo bado linaniuma. Amejifunza kutocheka. Penye mtu mchekeshaji anakaa mbali, karibu na ukuta. Kwenye harusi anachagua mwisho wa jamvi. Watu humwona mtu wa kununa. "Ukiniona nimenuna, ujue nimefurahi sana, najizuia."

Akanyoosha kipande cha wavu alichokuwa akikishona. Macho ya wavu yalikuwa sawasawa, moja baada ya jingine, kazi safi kabisa. Halafu pahali fulani, upana wa kiganja, yakaanza kupungua, yakapinda, yakafungana fundo juu ya fundo. Halafu yakarudi kuwa sawa.

"Hapa nililala," akasema. "Mkono ukaendelea."

Nilimsimulia kila kitu, Dallas na Stanford na kamera ya gizani. Alisikiliza huku akifumua lile fundo. Alitaka kujua mbwa walikuwa wakianguka kwa furaha ya nini. Nikamwambia chakula kitamu. Panya pia, chokoleti huwaangusha.

"Masikini," akasema. "Kila wakikifikia wanaanguka."

Nilimwambia kwamba mimi siwezi kumpa jina. Kuna daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, kuna kipimo cha kulala usiku mmoja na waya kichwani kisha kupewa nafasi za kulala mchana kuona unatumbukia haraka kiasi gani, na kuna namna ya kupima oreksini yenyewe kwenye maji ya uti wa mgongo. Kuna dawa za kumsaidia mtu kukaa macho na nyingine za kuzuia kuanguka. Hakuna ya kuzirudisha seli. Nikamweleza pia kwamba watu wanahangaika kutengeneza kidonge cha kuuiga ule ufunguo. Kimoja kilisimamishwa majaribioni baada ya kuonekana kinadhuru ini. Kingine, oveporexton, majaribio yake yaliyochapishwa mwaka 2025 yameonyesha wagonjwa wanakaa macho muda mrefu zaidi na kuanguka kumepungua. Upande wa pili wa mlango huohuo, tangu 2014 Marekani imeruhusu suvorexant, dawa inayoziba kitasa cha oreksini ili asiyepata usingizi alale.

"Wanauza usingizi wangu," kaka alisema polepole, kwa mshangao wa kweli.

Hakuchangamka kama nilivyotarajia. Alikaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani amesinzia. Hakuwa amesinzia. Alikuwa akiiwaza ile ngalawa. Aliitaja kwa jina lake, na majina ya wawili waliokuwa naye siku ile, na mmoja wao hajawahi kumsemesha tena.

Video

Rufaa imepatikana; mwezi ujao atakuja Dar, atafikia kwangu. Daktari akimwona asubuhi moja kwenye kiti chake, atamwona kama panya wa mchana. Kwa hiyo nilimwomba wifi arekodi kwa simu.

Video ilifika juzi usiku. Ina dakika mbili na nusu. Kaka amekaa kwenye mkeka sebuleni, ameegemea ukuta, kikombe mkononi. Binti yao wa miaka sita anaingia upande wa kushoto. Kabla ya kusema neno lolote anamwendea baba yake, anakichukua kikombe, anakiweka mbali, karibu na mlango. Anavuta mto, anauweka ubavuni kwa baba. Ndipo anasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai."

"Hapana! Choo chetu!"

Taya linalegea. Shingo. Anaulalia mto pale ulipowekwa. Mtoto anakaa chini kando yake, anakunja miguu, anamshika mkono, anaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, bila haraka, kama anavyohesabu wakicheza rede. Wifi nyuma ya simu hasemi kitu. Kwenye thelathini na saba kidole kimoja cha kaka kinatikisika.

Mtoto anaacha kuhesabu.

"Tega tena," anasema baba yake.